Siku Tuliyomwokoa Mpiga Tarumbeta

Turffontein, Juni 2018

Mume wangu mdogo Elia,

Salamu kutoka kwenye baridi hii. Sisi wazima. Babu yako bado anazigombeza robot, hizi taa za barabarani, eti zikimwona yeye tu zinawaka nyekundu.

Unauliza kama kweli nilimsikia yule Mzungu wa jazi ambaye mwalimu wako wa tarumbeta haachi kumtaja. Nilimsikia, tena nilimharibia. Alikuja kupiga kanisani kwetu Bukavu, nikiwa msichana wa kwaya. Akapiga kidogo, akashusha tarumbeta, akafumba macho. Kimya! Kwetu mwimbaji akikwama haachwi aaibike, kanisa zima humpokea. Basi nikasimama, nikaanzisha pambio. Makofi, ngoma, vigelegele! Maskini, akafumbua macho, akaanza kutufuata.

Baadaye akaniambia kupitia mchungaji, "Dada, sikukwama. Nilikuwa nasikiliza." Nilitamani ardhi inimeze. Naye akaniomba nimfundishe lile pambio.

Kwa hiyo siku ya mtihani wako wa tarumbeta, ukitaka kunyamaza katikati, nyamaza bila woga.

Ila mimi usinialike. Nitakuokoa.

Mke wako wa kwanza,
Bibi Zawadi