Kamera ya Kuona Kidole Gumba

Dagoretti Corner,
Nairobi.

Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha Mama, kisha kila anayelala chini ya paa lenu. Mimi ni mzima, kile kikohozi kilichonisumbua msimu wa baridi kimeniacha kabisa. Magoti yako yanaendeleaje? Na yale matone ya masikio uliyopewa hospitalini, unayatumia, au yamekaa kabatini pamoja na yale ya kwanza? Mama ananiambia kwamba wewe unasema unayatumia. Nimemsikia vizuri alivyolisema hilo.

Ninaandika kwa sababu simu imetushinda mimi na wewe. Kila nikipiga, unasema "eh?" mara tatu, halafu unampa Mama, na Mama naye akishaanza habari za kuku hakuna tena nafasi ya jambo lingine. Kwenye karatasi utanisikia bila mtu katikati. Ila nakuomba kitu kimoja, Mwalimu mstaafu: usinirudishie barua hii ikiwa na wino mwekundu kama ile ya Pasaka.

Barua yako niliisoma nikairudia. Umesema mahindi yakishavunwa utalipeleka gitaa kanisani uwape vijana, kwa sababu mtu asiyesikia gitaa hana haki ya kulishikilia. Maneno hayo yameniuma, Baba. Naomba usilitoe. Nina sababu, lakini siwezi kuieleza bila kuanza na habari ya kamera, kwa hiyo nivumilie.

Unajua kazi yangu ni ileile ya kufundisha gitaa nyumba kwa nyumba, Lavington siku tatu na Loresho siku mbili. Walinzi wa mageti wamenizoea. Zamani waliniuliza kama nimekuja kufua, sasa wananifungulia kabla sijabisha na kuniita Mwalimu. Mwanafunzi wangu ninayempenda kuliko wote yuko Loresho, mama mmoja mtu mzima kutoka Makueni, aliyestaafu kazi ya serikali. Tunamwita Mama Mutua. Alianza gitaa akiwa na miaka sitini na mmoja ili apige kanisani kwao, na ana bidii kuliko watoto wote wa Lavington wakiwekwa pamoja. Sasa binti yake amejifungua pacha huko Makueni, naye anakwenda kukaa huko miezi sita kusaidia. Akaniambia hataki kusahau, nimrekodie masomo kwa video awe anayafuata akishawalaza wajukuu.

Nikaanza na simu yangu. Hapo ndipo nilipofanya kosa, na kosa hilo, Baba, ni lako. Unamkumbuka yule mpiga picha uliyemfukuza siku ya harusi ya kaka Wafula? Alikupiga picha ya kifuani kwenda juu, ukamuuliza miguu yako ameipeleka wapi. Ukamwambia, "Nimekuja na miguu yangu, nipige na miguu yangu." Nyumba nzima ilipigwa picha upya siku hiyo, kuanzia utosini hadi kwenye soli. Mimi nimelelewa hivyo, sijui picha nyingine. Kwa hiyo nilivaa gauni langu la Jumapili, nikapaka viatu rangi, nikaiegemeza simu kwenye sufuria upande wa pili wa chumba, nikajirekodi masomo manne, mzima mzima, na nafasi kidogo juu ya kichwa ili nisionekane nimebanwa.

Mama Mutua aliyatazama yote kwa adabu. Halafu akanipigia simu. "Mwalimu," akasema, "hizo viatu zako nimeziona vizuri sana, hata kamba naweza kufunga. Lakini vidole siioni." Nilicheka hadi jirani akagonga ukuta. Ni kweli, vidole vyangu vilikuwa vidogo kama punje za mtama, na wala usingejua kipi ni gumba.

Nikaisogeza simu karibu. Sasa vidole vilionekana, lakini gumba langu likishuka kwenye nyuzi nzito halikuwa gumba tena, lilikuwa ukungu tu. Wewe unajua mtindo wetu ulivyo: vidole viwili tu, gumba na cha shahada, na gumba halipumziki. Mtu asipoliona gumba hajaona kitu. Simu yangu ni ya zamani, inapiga picha chache kwa kila sekunde, na gumba lilikuwa linapita katikati ya picha na picha. Nikaona hakuna njia ila kutafuta kamera yenyewe, na ya bei ninayoimudu, maana nilikuwa na uwezo wa kununua moja tu, na sikuwa na nafasi ya kukosea.

Nikashuka mjini Jumamosi asubuhi, gitaa mgongoni. Kuna majengo kule ambayo ghorofa zake zote zimegawanywa vibanda vya kioo, kila kibanda na muuzaji wake, mmoja simu, mwingine redio, mwingine kamera. Niliuliza kila mahali bila aibu, kuuliza si ujinga. Wengi walinionyesha ile kubwa zaidi waliyokuwa nayo. Mwishowe nikafika kwa mtu mmoja anayeitwa Karis, wa rika langu, aliyewahi kupiga picha za harusi miaka mingi kabla ya kuanza kuuza. Naye alianza na kubwa kama wenzake. Akatoa moja nyeusi, mpya, yenye lenzi ndefu, akasema hiyo itanitoa fiti, nipendeze hadi nijishangae. Nikamwambia mimi sitaki kutolewa fiti, nataka vidole vyangu viwili vionekane, uso wangu akitaka aukate. Akanitazama kidogo. "Poa," akasema, "basi toa hiyo gita tutest hapa hapa. Tusibahatishe."

Nikakaa kwenye kiti chake cha plastiki, nikapiga. Ile nyeusi ilikuwa nzuri mno, nisiseme uongo. Ilinifanya nionekane mtu wa televisheni, na nyuma yangu kukawa laini kama maziwa. Lakini kipya kinyemi ingawa kidonda: kila nikiinamisha kichwa kutazama nyuzi, kamera iliufuata uso wangu, vidole vikapotea. Inaonekana waliitengeneza kwa watu wanaojipenda. Na lenzi ya kukaribia vidole ingebidi niinunue kando. Nikairudisha haraka kabla sijaizoea.

Akanipa ya pili, ndogo ya kutosha mfukoni, ile wanayofunga kofiani waendesha pikipiki wa mashindano. Hiyo iliona chumba kizima, na Karis mwenyewe, na muuza chaji wa mlango wa pili. Lakini shingo ya gitaa ilipinda kama mpini mbovu wa jembe. Karis akasema atainyoosha kwa kompyuta. Nikamwambia mwanafunzi wangu ana miaka sitini na tatu na pacha wawili, hana muda wa kunyoosha magitaa.

Ya tatu hakutaka hata kunionyesha. Ilikuwa chini ya kaunta, kamera ya video ya kushikwa mkononi, ya mtumba, rangi imechubuka pale kiganja cha mwenyewe kilipokuwa kinakaa. Aliitumia yeye kwenye harusi zake. Haina sifa siku hizi, alisema, kila mtu anataka ile nyeusi. Lakini ina kioo kidogo kinachogeuka ili ujione unapokaa, unaweza kuchomeka maiki, unaweza kuiacha kwenye umeme siku nzima bila kuzima, na inakaribia kitu kilicho mbali bila wewe kuinuka. Na ukiiwekea mpango fulani, inapiga picha maradufu kwa kila sekunde, kisha unaweza kuipunguza mwendo na kuona kila kitu. Akaiweka juu ya katoni mbili, akailenga mkono wangu wa kulia tu. Akasema nipige kitu kigumu, kitu chenye mwendo.

Nikapiga ule wimbo wako wa Mama, ule uliomtungia kabla hamjaoana. Nilichagua ile sehemu ambapo maneno yanafika kisimani na gumba linashuka mara mbili, kwa sababu ndiyo sehemu ngumu kuliko zote ninazozijua. Tangu nikiwa na miaka kumi na minne nimeipiga. Nimewafundisha watu kumi na zaidi. Mama Mutua anaipiga kanisani kwake Loresho akiwa ameitilia maneno ya sifa.

Karis akaichezesha polepole. Gumba likaonekana wazi kabisa, ukungu umekwisha, ningeweza kuhesabu mikunjo ya ngozi. Na nikaona, Baba, kwamba siupigi wimbo wako. Gumba langu linangoja. Linasubiri kidole cha shahada kimalize, ndipo lishuke, kama mtoto anayengoja kuambiwa. Lako halingoji. Nakumbuka mkono wako vizuri: gumba ndilo linaloita, kidole kinaitika. Nikamwomba Karis arudishe. Akarudisha. Nikajaribu pale pale kulitanguliza gumba, na wimbo wote ukanivunjikia mikononi. Kuna kitu kingine unakifanya hapo, labda ni kiwiko, labda ni namna unavyolegeza kifundo, sijui. Miaka ishirini nimekuwa nikifunika shimo kwa mwendo wa haraka na hakuna aliyelijua, hata mimi.

Nikamwomba arudishe tena na tena, hadi akaingiwa na wasiwasi juu ya mali yake. Akauliza kama kamera ina shida.

"Kamera haina shida," nikamwambia. "Nifungie hiyo."

Nilikuwa nimekwenda mjini kutafuta kamera ya kufundishia. Niliyoinunua ni ya kujifunzia, na mwalimu ni wewe.

Sasa unaona sababu yangu. Mjomba tuliyemzika mwaka juzi ndiye peke yake aliyekuwa akiupiga wimbo ule pamoja nawe. Wafula hakutaka kujifunza, alipenda mpira. Hao vijana wa kanisa wana kinanda na spika mbili, watalitundika gitaa lako ukutani kwa heshima na kulipangusa vumbi Krismasi. Ukilitoa, na mimi nisiwe nimeijua ile sehemu, basi imekwisha duniani. Sikutishi. Nakueleza tu jinsi mambo yalivyo.

Najua utakavyojibu. Utasema husikii. Baba, sihitaji usikie. Nitasikia mimi kwa niaba yetu sote wawili. Ninachotaka ni mkono wako, na kamera yangu haijali masikio ya mtu. Kuhusu mapigo, nimekwisha waza. Mama atashika ile chupa yake ya soda yenye mistari na msumari wake, kama zamani mlipokuwa mkialikwa kwenye matanga na harusi. Lakini safari hii hatakaa kando yako, atakaa mbele yako, uone mkono wake ukikwaruza. Utayafuata mapigo kwa macho. Nimemuuliza, akasema chupa ipo, hajawahi kuitia mafuta ya taa hata siku moja. Alikasirika kidogo kwamba niliuliza.

Shule za Lavington zikifungwa nitapata wiki tatu, nami nitakuja moja kwa moja. Tutarekodi asubuhi, mwanga wa barazani ukiwa bado mpole. Ukichoka tunapumzika. Ukinigombeza, nitaiacha kamera ikiendelea, maana hata kugombezwa na wewe ni somo.

Nisalimie Mama, mwambie wale kuku wake nitawahesabu mwenyewe. Msalimie Wafula kaka yangu na wifi yangu, na watoto wao wote, hasa yule mdogo aliyenirithi jina. Msalimie shangazi wa mtoni, mwambie kitambaa chake nimekipata. Mpe pole katekista kwa mguu, na umwambie kwa upole kwamba gitaa haliji kanisani.

Jambo la mwisho sikutaka kuliandika, lakini nikilinyamazia sitalala. Juzi Mama alinong'ona kwenye simu, ingawa hakukuwa na sababu ya kunong'ona kwa kuwa hungemsikia. Alisema Jumapili baada ya ibada ulikaa mlangoni na wembe, ukakata ukucha wa gumba la kulia, ule mrefu wa kupigia gitaa. Ukucha ule, Baba. Sijawahi kukuona bila huo. Ulipokuwa ukisahihisha madaftari ulikuwa ukiugonga mezani, na darasa lote lilijua kimya kinatakiwa. Mama alisema ulifagia vipande mwenyewe ukaingia ndani. Nilikuwa nimesimama hapa Dagoretti Corner mbele ya muuza mahindi, nikalia mbele za watu, mpaka akanipa hindi nisilolilipia.

Nakupenda, Baba, na nimekukasirikia, yote mawili kwa pamoja.

Hadi shule zifungwe imebaki miezi mitatu. Nimeutazama ukucha wangu unavyokua, nimepiga hesabu, inatosha wako kurudi. Usiukate tena.

Mimi bintiyo na mwanafunzi wako,
Nafula