Kifo Chako kwa Kiingereza

Mama,

Shikamoo. Barua huanza kwa kuulizana hali, na yako siwezi kuiuliza, kwa hivyo nitakupa yangu peke yake. Mimi ni mzima. Tangu arubaini yako ilipokwisha ninakaa Ukunda kwa mama mdogo Mejumaa, na kile chumba chetu cha Tiwi kimepangwa na watu wengine. Skuli ninakwenda. Niko gredi ya tisa.

Kiingereza changu kimekua. Hilo ndilo nililotaka ulisikie mapema, kwa sababu wewe ndiwe uliyekianzisha. Ulikuwa ukisafisha vyumba hotelini, na kila jioni ulirudi na neno moja ulilolisikia kwa wageni, neno lisilo kitabuni. Sharti lako lilikuwa nilitumie kabla chakula hakijapakuliwa. Ulimwambia kuku wa jirani "hang on", yaani asubiri, alipoingia jikoni, na kuku akasimama kweli, tukacheka mpaka wali ukashika ukoko. Sukari ikikwisha ulisema "we've run out", kama vile imetukimbia. Uliniambia wageni hutoka kwenye meza ya kiamshakinywa, na jua halijapanda wanasema "I'm starving." Ulisema njaa hawajaionja, ikiwafika watanyamaza.

Skuli nako tulipewa zoezi la misemo. Mmojawapo ulikuwa wa mtu aliyekufa, ambaye Waingereza husema amepiga ndoo teke. Darasa zima lilicheka, na msichana wa dawati la nyuma akaniuliza kama mamangu aliipiga kwa mguu wa kulia au wa kushoto. Mwalimu hakusikia. Niliendelea kuandika. Nilipata yote.

Sasa nikueleze la mama mdogo.

Unajua kazi yake. Bado anasuka nywele za wageni kwenye kibanda chake pale njia ya kuteremkia ufuoni Diani. Vidole vyake vyepesi, ulimi mwepesi zaidi, lakini Kiingereza chake ni cha bei na cha kumwambia mtu amependeza. Jumamosi na Jumapili mimi humkabidhi shanga na vitana. Siku moja mgeni aliyekuwa akisukwa aliniuliza nani alinifundisha kuzungumza vizuri hivi. Nikasema mama. Akauliza yuko wapi. Nikasema "she passed away", kama ulivyonifundisha, kwa sababu ulisema neno la kufa likitamkwa wazi huwashtua. Yule mgeni alilia. Alipoondoka aliacha zaidi ya bei.

Mama mdogo aliona.

Usiku ule ule alinikalisha akanifunza kukulilia. "Usilie mapema," alisema. "Ukilia mapema watakubembeleza, na mwisho hawatausikia. Lia ukifika pale kitandani." Nilipomwambia sikuona kitanda, ulikuwa umelala mkekani, alinikatiza. Hata presha iliyokuua hakuitaka. "Presha wanayo hata wao, na wanaishi. Sema mvua ilikuwa inanyesha na gari hakuna."

Mama, siku ile jua lilikuwa kali. Ulikuwa umetoka kuanika nguo, ukasema kichwa kinakuuma, ukajinyoosha. Mimi nilidhani umesinzia, nikakufunika leso na kwenda kuchota maji. Ndivyo ilivyokuwa. Gari gani lingehitajika?

Lakini nilisema mvua. Na mama mdogo, mikono yake ikiwa kichwani mwa mgeni, alipima. Haelewi maneno, ila shingo anaielewa. Nikisema Kiingereza cha skuli, shingo ya mgeni hubaki ngumu. Nikisema kile chako, hulegea. "Tumia cha mama yako," aliniambia. "Hiki cha mwalimu hakiwaingii." Basi niliyachukua maneno uliyoniletea jioni, moja baada ya jingine, nikayapanga yakuue. Nilisema ulijikaza, "she hung on", mpaka alfajiri. Kumbe ni lile lile ulilomwambia kuku. Misuko ikifika nyuma ya sikio, mahali ambapo mgeni hawezi tena kuinuka, mama mdogo hunifinya kwa vidole vya mguu. Hapo ndipo ninapoanza.

Sitaki umdhanie kwamba alizila zile pesa. Alikuwa akinitafutia mfadhili wa kunipeleka skuli ya bweni. "Wenzako hupata wafadhili kwa kukaa kimya tu na kutia huruma," alisema. "Wewe una mdomo." Nami niliitaka ile skuli. Bado ninaitaka.

Kisha Ijumaa moja, baada ya Yasini, nilikaa uani nikukumbuke kwa ajili yangu mwenyewe. Sikuwa na mgeni, sikuwa na mtu. Nilikuona umejinyoosha, na mvua ilikuwa inanyesha. Nilijaribu kuiondoa. Nilitafuta zile nguo kwenye kamba, zikavuja maji. Nilitafuta mkeka, nikaona kitanda. Nilianza kukuita kwa sauti, mpaka mama mdogo akaniuliza kutoka ndani ninamwita nani.

Hapo nilijua kwamba ninakupoteza, na kinachonifanya nikupoteze ni mdomo wangu mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata alikuja bibi wa Kizungu, mwenye nywele za mvi na nyepesi. Alisikiliza bila kunikatiza. Shingo yake ililegea kuliko zote. Alisema ana wajukuu wa rika langu, na kwamba mambo ya skuli yangu atayazungumza na mumewe wakirudi kwenye nyumba waliyokodi. Mama mdogo alinifinya niendelee, kwani alihisi tumefika. Ndipo bibi akauliza swali ambalo hakuna mgeni aliyewahi kuuliza. Mamako alikuwa anaitwa nani?

Jina lako lilinijia mpaka kwenye meno. Halikuwahi kuingia kwenye kile kisa. Mvua haikuwahi kulinyeshea. Nililitazama lilivyo, kisha nikalimeza, nikamwambia, "Her name was Mejumaa."

Mikono ya mama mdogo ikasimama.

Bibi alilirudia jina, akalivunja, akalijaribu tena. Alisema ni jina zuri sana. Kisha akafumba macho, kichwa chake kikiwa viganjani mwa Mejumaa mwenyewe, akasema Mejumaa apumzike kwa amani. Maneno hayo mama mdogo anayaelewa. Nilimtazama usoni wakati anayasikia. Sikuangalia pembeni.

Alimaliza kusuka. Njia nzima ya kurudi alitangulia mbele. Tulipofika mlangoni aligeuka.

"Umenizika nami ninasikia," alisema.

"Na wewe mamangu humfukua kila Jumamosi."

Alinipiga kofi. Halafu akakaa kizingitini na kulia, akilitaja jina lako, jina la utotoni ambalo nyinyi wawili tu mlikuwa mkiitana. Nikatambua kwamba tangu maziko sikuwahi kumsikia akikutaja kwa jina. Nilisimama pale shavu likiniwaka. Sikumbembeleza.

Bibi wa mvi aliondoka na misuko yake, na ahadi yake pia. Hatukumsikia tena. Kama hakuna jambo litakalobadilika, nitasoma skuli ya kutwa hapa hapa, na nitatembea.

Wiki iliyofuata alikaa mgeni mwingine. Misuko ilifika nyuma ya sikio, nikangoja vidole vya mguu. Mgeni akanigeukia na kuuliza kuhusu wazazi wangu. Kabla sijafungua mdomo, mama mdogo alisema kwa Kiingereza chake chote, "No mother. Only hair." Mgeni alitahayari. Mimi nilichagua shanga.

Jioni hiyo mama mdogo aliniambia nimfundishe, azungumze na wateja mwenyewe, mimi nikae na vitabu vyangu. Tumeanza. Ni mzito, huapa kila akikosea, na huniita mwalimu kwa kunikejeli. Samaki hawapakuliwi mpaka neno litumike, na mara mbili tumekula samaki baridi. Jana alisema sentensi nzima, akageuka kuona kama nimeisikia. Nilimwambia airudie.

Kwaheri, mama. Kila Ijumaa nitakusomea Yasini, na nitakukumbuka kwa Kidigo, lugha yetu ya nyumbani, polepole, mpaka uani pakauke. Na nina ahadi moja. Mama mdogo nitampa kila neno uliloniletea, la njaa, la sukari iliyokwisha, la kumwambia mtu asubiri. Ya kufa simpi. Siku akitaka kusema dada yake hayupo, na ajitafutie mwenyewe.

Mwanao