Boga la Sukari Siku ya Supu

Jumanne, 1 Januari 2008. Lozells. Manyunyu tangu asubuhi, mbingu rangi ya zege.

Mgongo unauma. Mikono inanuka vitunguu.

Leo nimeharibu chakula cha watu. Na si siku yoyote, siku yao kubwa kuliko zote. Zuhura anasema niandike sasa hivi, nisipoandika nitakaa na jambo hili kichwani wiki nzima, na yeye ndiye atakayekula kimya changu.

Kwa asiyenijua: mie kibarua wa saiti, mtu wa Tanga, shule niliishia la nne. Zuhura ni binti yangu. Blogu hii alinifungulia yeye mama yake alipofariki. Aliona sisemi. Akaniambia basi andika. Nabonyeza kwa vidole viwili.

Sasa huyu Solange. Ni Mhaiti, analea wazee kwenye nyumba moja ya wazee Selly Oak. Marehemu mke wangu alikuwa anafanya usafi hapohapo, ndiko walikojuana. Mke wangu alipolazwa, Solange akitoka shifti ya usiku anapitia hospitali kwanza, anamsuka nywele, ndipo anakwenda kulala. Siku hizo mie nilikuwa nasimama tu mlangoni kama mzigo. Ananiita Baba Zuhura, kwa sababu ndivyo alivyomsikia marehemu akiniita. Nadhani hajui jina langu lingine. Sijamwambia.

Yeye na wenzake wana chama. Wahaiti hapa Birmingham ni wachache, wote wanaenea kwenye basi moja na viti vinabaki. Wanatoka mji mmoja, uko milimani, jina lake sitaliandika maana nitalikosea na Zuhura atanicheka. Chama kinasaidia shule mbili za huko. Walimu wanalipwa, watoto wanapata chakula cha mchana, na bomba la maji wamelivuta mpaka sokoni.

Kila mwaka mpya wanapika supu ya boga kwenye ukumbi wa kanisa hapa Lozells. Saa nane mchana simu inalia. Kule ni asubuhi. Mwalimu mkuu anakuwa amewakusanya watoto na wazazi wao uwanjani, kila mtu na bakuli lake la supu hiyohiyo. Simu inawekwa spika huku na kule, wanaombeana heri, halafu wanakula pamoja. Solange anasema hicho ndicho kinachokishika chama. Mtu akishakula na wale watoto tarehe mosi, hawezi kuwasahau mwezi wa saba.

Mwaka huu sufuria lao likatoboka. Akaniomba la marehemu.

Lile sufuria ni la shughuli, la kupikia pilau ya watu mia. Limeandikwa jina lake ubavuni kwa rangi nyekundu, wanawake wetu wanavyofanya ili vyombo visipotee. Tangu arobaini yake halijashika moto. Lilikuwa chini ya ngazi, limefunikwa shuka. Kama angeomba mtu mwingine ningesema limepotea.

Nikalipeleka mwenyewe. Nikasema na kazi nitafanya.

Solange alikuwa na shifti ya usiku wa kuamkia leo. Akaniachia funguo na maboga matatu makubwa. Maneno yake yalikuwa haya: asubuhi uyamenye, uyachemshe mpaka yalainike, uache. Mie nikitoka kazini nakuja na nyama na vitu vingine.

Uache. Nililisikia vizuri tu.

Asubuhi nikamenya, nikakata, nikachemsha. Boga likaiva vizuri, rangi ya dhahabu. Nikasimama na mwiko nalitazama. Boga na maji matupu. Nikaona aibu. Nikasema, huyu mwanamke amekesha anageuza wazee vitandani, anakuja hapa amechoka, halafu akute boga limekaa kama chakula cha mgonjwa? Nilijua kabisa boga la sherehe linavyotakiwa kuwa. Marehemu alikuwa akilipika kila Ramadhani. Tui zito, sukari, iliki, chumvi kidogo ya kuamsha utamu. Tunalifuturia, na linalobaki tunaligombania daku.

Nyumbani nina makopo ya tui. Nikaenda nikayachukua. Iliki nikaitwanga kwa kitako cha kikombe. Sukari nikamwaga bila kuonea huruma.

Ukumbi wote ukanuka kwetu. Mwaka na zaidi sijasikia ile harufu. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikalia kidogo, peke yangu. Vizuri hakukuwa na mtu.

Solange akaingia na yunifomu yake, mifuko mikono yote miwili. Nyuma yake Tonton, mzee wao mmoja, wote wanamwita hivyo, maana yake mjomba. Solange akavuta pumzi. Akaweka mifuko chini. Akachota, akaonja.

"Baba Zuhura, hii nini?"

"Boga."

"Boga la nani?"

Tonton akachukua mwiko naye akaonja. Akaonja tena. Akasema, "Solange, mtu huyu ametutengenezea keki."

Solange hakucheka. Akavuta kiti akakaa. Sauti yake ilikuwa ya chini, ingekuwa heri angenigombeza. Akasema zamani za utumwa bibi zao ndio waliopika supu ile, na mabwana ndio walioila. Mpishi alikuwa haruhusiwi hata kulamba mwiko. Siku walipopata uhuru, tarehe mosi Januari, wakaipika wakaila wenyewe. Tangu hapo kila mwaka, siku hii, popote Mhaiti alipo. Ina nyama, viazi, kabichi, karoti, pilipili. Haina sukari.

"Saa nane watoto watakuwa na supu mkononi," akasema. "Mie nitakuwa na nini?"

Nimewahi kubomoa ukuta usiohusika kazini, nimewahi kukata bomba la maji la mtaa mzima. Sijawahi kutamani ardhi inimeze kama leo.

Nikavaa koti. Nikamwambia anza na nyama, mie naleta boga.

Wapi, tarehe mosi? Nikapita maduka ya hapa mtaani, yote yamefungwa, mabati chini. Nikaenda kwa yule Mpakistani wa mboga anayekaa juu ya duka lake. Nikagonga mpaka dirisha likafunguka, kichwa kikatoka.

"Ndugu, leo mwaka mpya."

"Mwaka mpya wa nani? Wetu bado. Wewe Mwislamu umefunga duka kwa sababu gani?"

Akanitazama. Akasema mke wake naye kamwambia hivyohivyo. Akashuka na fulana na kandambili. Alikuwa na boga moja kubwa, lingine nusu, na vipande kwenye karatasi za nailoni. Nikachukua vyote. Nikavitia kwenye gunia la viazi, gunia begani. Hilo ndilo ninalolijua, kubeba.

Niliporudi ukumbi umeshajaa watu. Wanawake na nguo zao nzuri, watoto wanakimbizana, meza imetandikwa kitambaa. Zuhura kashafika, anakata kabichi. Kaonja boga langu, kanitazama. "Dad," akasema. Halafu akageukia kabichi. Macho yake yalikuwa mekundu, na kabichi haiwashi macho.

Boga la sukari walikuwa wamelihamishia kwenye ndoo mbili. Sufuria la marehemu limesuguliwa, nyama imo inachemka. Nikaanza kumenya. Karatasi ya nyama ilikuwa pale mezani, nikaitambua. Ni ya bucha letu, la halali. Wahaiti hawahitaji nyama ya halali. Mle ndani Waislamu tulikuwa wawili tu, mie na binti yangu.

Nikakata vipande vidogo zaidi ili viive haraka.

Simu ikalia.

Viazi vilikuwa bado vigumu. Boga halijavurugika. Solange akafuta mikono kwa aproni, akabonyeza spika, ukumbi ukanyamaza. Ikasikika kelele ya watoto, wengi, jogoo mmoja, na sauti ya mzee. Ndiye mwalimu mkuu. Wakasalimiana kwa lugha yao. Tonton akanitafsiria sikioni, ingawa sikumwomba.

Mwalimu kauliza supu yenu mwaka huu ikoje.

Nilimtazama Solange. Angeweza kusema nzuri. Kule hawaoni. Angesema nzuri, wangekula, yangeisha. Lakini akasema ukweli. Nilijua ni ukweli kwa sababu Wahaiti wote waligeuka wakanitazama mie.

"Kamwambia," Tonton akasema, "kuna Mwafrika katupikia boga kwa sukari, na la pili bado halijaiva."

Kisha mwalimu akawaambia watu wake, nikasikia kicheko kinatembea uwanja mzima, kutoka karibu na simu mpaka mbali. Vicheko vya watoto. Nikatazama viatu vyangu.

Halafu mwalimu akasema kitu kifupi. Solange akaweka mkono mdomoni.

"Kasema nini?" nikamuuliza Tonton.

"Kasema watangoja."

"Nani?"

"Wote. Wameweka bakuli chini. Kasema hawali mpaka huku iive."

Simu ikakatwa ili kadi ya simu isiishe. Mie nikabaki na mwiko. Watoto wa shule nzima, asubuhi, njaa, supu yao inapoa mbele yao, wananingoja mie nisiyewajua. Sijui niliwahi kungojewa namna hiyo na nani. Na marehemu, labda, nilipokuwa nachelewa saiti.

Nikaongeza moto. Tukakoroga kwa zamu, mie, Zuhura na Solange. Boga likaanza kuyeyuka. Katikati ya kukoroga Solange akaniambia bila kunitazama, "Mama Zuhura alinipikia lile boga lako. Ramadhani ile ya mwisho. Nilipoingia nimesikia harufu, nikadhani yumo jikoni."

Nikasema nisamehe.

Akasema, "Koroga, linashika chini."

Ilipoiva wakapakua. Simu ikapigwa. Mwalimu akahesabu kwa lugha yao, moja, mbili, tatu, na watu wote wakaingiza vijiko, huku na kule. Kwa muda hapakuwa na sauti isipokuwa vijiko. Spika ilikuwa inatoa vijiko vya kule, sisi tunatoa vya huku.

Supu nzuri. Nzito, pilipili yake inakuja polepole. Nyama laini. Nilikula mabakuli mawili.

Kabla ya kuaga, mwalimu akanitumia salamu. Eti na wao wana vyakula vya nazi na sukari, vizuri sana, lakini si leo. Watu wakacheka, na mie nikacheka. Ndoo mbili za boga langu nazo hazikurudi na kitu. Tonton alikula nyuma ya mlango, akaniambia nisimwambie Solange, na Solange alikuwa nyuma yake na bakuli lake.

Baadaye nikaosha sufuria. Solange akasema liache hapa ukumbini, mwaka kesho utalikuta. Nikamwambia mwaka kesho nitalileta, na nitaacha nikiambiwa niache. Nikalibeba begani mpaka nyumbani. Watu wa kituo cha basi walinishangaa.

Nikafungua mlango wa chini ya ngazi, shuka bado iko pale. Nikaufunga.

Nimeliweka juu ya jiko. Limefunika plaiti zote nne. Zuhura anauliza chai itachemkia wapi, na tutapika nini humo watu wawili.

Kesho narudi saiti. Jumamosi itabidi nialike watu.