Mkasi Nilioukataa

Temeke, Jumatano

Najichukia leo.

Kitambaa cha sare za shule kimefika kwenye ushirika wetu wa ushonaji, tumekipangia foleni siku tatu. Mwenyekiti akaninyooshea mkasi. "Ndugu Salma, leo kata wewe." Mie, mama wa watoto wawili, nikaficha mikono nyuma ya gauni! Ndivyo nilivyokuwa nikifanya utotoni, mama wa kambo akinifokea, "Usiguse! Mkono wako una mkosi."

Akapewa mshonaji mwenzangu, Rehema. Akakata mikono ya mashati bila kukunja kitambaa, yote ikatoka ya kulia, ya kushoto hakuna. Nilimwona tangu anaanza, nikanyamaza. Kitambaa cha foleni! Pumbavu kabisa mie.

Jioni nikatoa kitenge changu nilichoogopa kukikata miaka minne. Nikakikunja, nikakata gauni, mkono wa kulia na wa kushoto. Nimelishona, nimelivaa. Limenikaa sawasawa.

Badala ya kufurahi, nimejionea kinyaa zaidi. Mama wa kambo tulimzika mwaka juzi. Kumbe muda wote huu nilikuwa namtii maiti.

Kesho mkasi nauomba mwenyewe.