Sauti Niliyoisafisha

Jumatatu, 3 Novemba
Habari za jioni zimepita bila jenereta kuzimika. Bei ya maharagwe ya Nyamitaba, daraja lililokatika njia ya Walikale, matangazo mawili ya vifo. Nilikuwa nafunga studio simu ikalia. Mwanaume amekata wanawake kwa panga kwenye chemchemi, kijiji kimoja njia ya Kibua. Watatu wamekufa. Walikuwa wanachota maji. Yeye amekamatwa.

Jumanne, 4 Novemba
Kabla ya kwenda chemchemi yule mwanaume alijirekodi sauti kwenye simu. Nimeipata wa kwanza, kupitia grupu ya WhatsApp "Wanaume Hawapigi Magoti". Wengi ni motari, waendesha pikipiki wa hapa. Wanalia juu ya mahari, wanatukana wanawake. Niko ndani tangu mwaka jana. Najiambia ni kwa ajili ya kazi. Si kweli yote. Vichekesho vyao vingine nilivicheka.

Sauti ilikuwa na upepo mwingi. Niliisafisha kwenye kompyuta mpaka ikatoka wazi. Nikaitangulizia maneno yangu, tukaipitisha hewani mara tatu. Mkuu wa radio amenipongeza. Bahati, motari wa parkingi ya pikipiki, ameomba ile safi. Nimeiweka kwenye grupu.

Alichosema sitakiandika hapa.

Majina ya marehemu hatukusema. Kwetu jina la marehemu hupita kwenye tangazo, ndugu wakilileta. Hakuna aliyeleta.

Alhamisi, 6 Novemba
Simu nyingi za wasikilizaji. Wanaume tu. Eti yule alichoka. Nimewapitisha wote. Kipindi moto. Nimelala vizuri jana, naandika kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 7 Novemba
Mama Zawadi, muuguzi wa kituo cha afya, amekuja studio. Hakukaa.

Riziki, binti aliyepona kule chemchemi, alikuwa amelazwa kwake, mkono umeshonwa. Dada yake ni mmoja wa wale watatu. Radio ya chumba cha wagonjwa hailali. Jumanne akasikia sauti ya yule mwanaume karibu na kitanda. Akadhani amefika. Akatoka kwa dirisha. Yuko kwa shangazi yake, upande wa Bihambwe, ana homa, kidonda kimeanza kunuka.

"Papa, ule muntu mulimufikisha mpaka kwa kitanda."

Sikujua kama binti yuko pale. Sikuuliza. Kituo kinaonekana kutoka mlango wa studio.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimeiondoa ile sauti kwenye programu ya matangazo. Mkuu amenuna.

Riziki anakataa kurudi. Njia inapita parkingi, na pale spika inapiga ile sauti asubuhi mpaka jioni. Ile yangu, bila upepo.

Nimeenda kuwaomba waifute.

"Papa Radio, si weye njo ulitutumia?" Bahati alisema.

"Bibi yake amemugombeza kwa nyumba," mwingine akadakia. "Ona, leo amepiga magoti!"

Wakacheka. Nikasema kuna mutoto atakufa juu ya hii sauti.

"Na ndugu yetu mwenye kufungwa, hakukufa rohoni?" Bahati aliuliza.

Maneno hayo nayajua. Msikilizaji aliyasema kwenye kipindi changu Alhamisi. Nilimjibu: asante kwa mchango wako, Papa.

Akaongeza sauti ya spika. Niliondoka. Ningeweza kuvunja ile spika. Sikuvunja.

Jumapili, 9 Novemba
Sikuenda misa. Mama Zawadi ameamua: kama mgonjwa haji, dawa zitamfuata, kwa miguu, njia ya nyuma ya kilima. Nimeomba kumsindikiza, nimwombe binti msamaha.

"Hapana, Papa. Kwa radio, sauti yako njo ilianza, kisha ya ule. Akikusikia weye, atangojea yake."

Nimemwambia nitabeba sanduku la dawa, sitasema kitu.

Jumatatu, 10 Novemba
Tumetoka alfajiri. Matope, mashamba ya maharagwe, ukungu. Nimebeba dawa na serumu, chupa za dripu. Mama Zawadi mbele.

Nimebaki nje ya ua wa shangazi. Nimesikia Riziki akilia waliposafisha kidonda. Halafu akauliza nani yuko inje.

"Mwenye kubeba mizigo," Mama Zawadi alisema.

"Akunywe chai basi."

Shangazi ameniletea kikombe. Nimeinamisha kichwa kushukuru. Nimekunywa nimesimama, bila kukohoa.

Kesho tunarudi kubadilisha bendeji.