Muulizeni Panapouma

Jumatatu, 6 Oktoba
Fulana mbili zimefuliwa. Mswaki mpya. Mabasi mawili hadi hospitali, kama jana. Siku ya nne tangu mume wangu Bakari akatwe kipande cha utumbo chenye uvimbe. Daktari kamuuliza hali. "Fine, thank you." Na jasho linamtiririka. Nikamuuliza mimi. Nzuri tu. Ameambiwa Alhamisi atarudi nyumbani Hounslow, hapa London.

Jumatano, 8 Oktoba
Harudi popote. Homa imepanda, wamempiga skani. Pale walipounga utumbo panavuja, na usaha umejikusanya. Kumbe tumbo linamuuma tangu Jumapili! Siku tatu! Daktari kamuuliza mbona hakusema. Bakari kanigeukia mimi: "Kaniuliza hali, Mama Zuhura. Ningemjibuje?"

Nimeghadhibika. Kwetu Mombasa hali hujibiwa nzuri kwanza, hata kama jiko linaungua. Uulizwe watoto, uulizwe kazi, wa nyumbani wote, ndipo useme, ila tumbo hili. Daktari wa hapa huuliza mara moja na keshafika kitanda cha pili. Mficha maradhi... Sitaimaliza methali hiyo leo.

Nami je? Kazi yangu kutunza wazee. Kutwa nawauliza maumivu ni mangapi kwa kumi. Mume wangu nikamuuliza hali.

Ijumaa, 10 Oktoba
Sponji. Wameingia na kamera kwa nyuma, wakaiweka kwenye lile tundu linalovuja. Mrija unatoka hadi kwenye pampu, inafyonza uchafu na kuivuta nyama ijifunge. Stenti, lile bomba la waya la kuziba kwa ndani, wameikataa. Tundu liko chini mno, itateleza. Sponji itabadilishwa kila baada ya siku tatu, nne. Tundu likikataa kufunga, atapasuliwa tena na kuvaa mfuko wa choo tumboni maisha yake yote.

Bakari aliposikia "kwa nyuma" akajifunika uso kwa shuka. Pampu inanguruma. Naichukia, na naiombea isizime.

Jumapili, 12 Oktoba
Msikiti mzima umekuja. Mahamri, mbaazi, biriani ya kulisha harusi. Mtu mwenyewe haruhusiwi kula, analishwa kwa dripu! Kila mmoja kauliza hali, kila mmoja kajibiwa nzuri. Dada yake kapiga simu kutoka Mombasa, naye kaambiwa nzuri, na sasa ukoo wote unajua Bakari ametoka hospitali. Mahamri nimewapa wauguzi. Biriani nimerudi nayo kwenye basi, watu wananitazama.

Jumanne, 14 Oktoba
Sponji ya pili. Aliporudi alikuwa anauma shuka. Muuguzi: "You okay, Bakari?" Fine.

Basi! Nikachukua karatasi na kalamu nene, nikaandika kwa Kiingereza, herufi kubwa: USIMUULIZE HALI. MUULIZE WAPI PANAUMA. Nikaibandika juu ya kitanda. Binti yetu Zuhura: "Mum, that's so embarrassing." Bakari kanuna, hanisemeshi. Asinisemeshe.

Saa kumi daktari kapita, kaisoma, kauliza wapi. Bakari kanitazama kwa hasira, kisha akanyoosha kidole. Sponji ilikuwa imehama. Wameirudisha jioni hiyohiyo.

Ijumaa, 17 Oktoba
Sponji ya tatu. Bado hanisemeshi. Ila kwa wauguzi anaonyesha kidole.

Jumanne, 21 Oktoba
Sponji ya nne ni ndogo, kama dole gumba. Daktari anasema tundu linafunga. Sikulia. Nimelia chooni kidogo.

Jumamosi, 1 Novemba
Nyumbani. Hana mfuko. Kanywa uji mwepesi, bakuli zima. Sebule imetulia, ile pampu imebaki hospitali, nimeshasahau utulivu ulivyo.

Dada yake kapiga simu. Alipomaliza kuongea na Bakari akaniuliza mimi, wifi, wewe hali? Nzuri tu, nikasema. Bakari akainua kichwa kwenye kochi.

"Muongo huyo. Muulize wapi panauma."

Nikaiweka simu chini. Nikamwambia Bakari, mgongo. Na hapa kifuani, tangu ile Jumatano ya skani. Akasogea, nikakaa.