Karafuu Kinywani

Kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mwezi wa tisa 2013

Kwa mudogo wangu Marthe,

Nakusalimu sana kwa jina la Bwana. Hapo Uvira mko salama? Shemeji Kabanda mgongo wake umepoa? Olga amejifungua? Na Vanessa wetu wa vituko, bado anaimba kwaya? Nisalimie mama mkwe wako, umwambie sombe yake, yale majani ya muhogo aliyotupikia, naikumbuka mpaka leo. Huku watoto wangu Elisée na Bienfait wako wazima, wanawasalimu. Mimi pia naamka, namshukuru Mungu, lakini mdomo wangu hauna amani.

Marthe, ufizi wangu unatoka damu tangu mvua ya mwaka jana. Ukiugusa tu, damu. Na harufu, mudogo wangu, harufu! Mwanzo nilisukutua maji ya vuguvugu na chumvi. Halafu nikachemsha majani ya mpera. Nikasugua na mkaa wa kusaga mpaka Bienfait akasema nimekuwa sawa na chungu cha maharagwe. Nikafika hata Mbarara sokoni, kwa Mama Swaleha anayeuza viungo, akanipa karafuu, akasema niweke shavuni nitulie nayo. Harufu inalala kidogo, kisha inaamka.

Daktari wa meno hukohuko Mbarara alinikamua ufizi kwa kidole, usaha ukatoka. Akasema chumvi na karafuu vinatuliza tu, meno ya mbele yamelegea, yang'olewe, fasi hiyo isafishwe. Nikamwambia nitarudi. Sikurudi. Tulikuwa tumeitwa kwenye mahojiano ya kwenda Amerika, na watu walikuwa wakisema mgonjwa hachukuliwi. Niliogopa kuingia mule kibogoyo, waniandike mgonjwa.

Jirani yangu Mukakalisa akanihurumia. Akasema kitunguu saumu kinaua vidudu vya meno, nitafune wiki ile yote ya mahojiano. Nikatafuna kweli. Baadaye yeye mwenyewe akanicheka, eti mbu wote wa kwangu wamehamia kwake.

Basi siku ikafika. Aliyeniuliza alikuwa msichana wa kizungu, mdogo kama Vanessa, nguo safi. Chumba kidogo, dirisha limefungwa. Mimi karafuu shavuni, nimefunika mdomo na kitenge, kama mtu mwenye adabu anavyofanya mbele ya mgeni. Mkalimani akaniambia nishushe kitenge. Nikashusha. Yule msichana akasogeza kiti nyuma, kidogo tu. Marthe, nikakipandisha tena. Akauliza mume wangu Adolphe alikufa namna gani. Nikasema walimuua. Akauliza ni nani. Nikasema askari. Akauliza nani mwingine aliona. Nikatikisa kichwa, kwani kukutaja wewe kungeleta maswali mingine, na kila swali lilitaka mdomo ufunguke. Yote tuliyoyaona mimi na wewe tukiwa nyuma ya jiko, walipomvuta kwa miguu akiita jina langu, sikuyasema. Niliihurumia pua ya yule mtoto wa watu.

Sasa nikuambie neno ambalo huku sijamwambia mtu. Jibu limetoka. Tumekataliwa. Wanasema maelezo yangu ni machache mno, kuna kitu ninaficha. Watoto hawajui. Elisée amekataa kulima, anauliza mavuno tutamwachia nani. Mvua imeanza na shamba letu ni majani matupu. Bienfait anawasemesha kuku Kiingereza. Kila nikitaka kuwaambia, naenda kusukutua chumvi.

Nimeruhusiwa kuandika mara moja kuomba waangalie tena. Wenye kujua hapa wanasema hawabadilishi neno, na barua ya ndugu hawaihesabu. Nimesikia. Mimi mwenyewe sioni kama itafaa. Lakini wewe uliona. Niandikie siku ile yote, tangu walipopiga mlango mpaka tulipomfunika, usinihurumie, usiache kitu. Wasipoisoma wao, nitawapa watoto waisome, wajue baba yao alikufa namna gani na nilikuwa na mingi ya kusema.

Salamu kwa wote niliowataja na wale kalamu imewasahau. Mwandiko wangu usiucheke. Ukimaliza kusoma, kaa uandike leo hii, umpe yeyote anayekuja huku. Usingoje, Marthe.

Ni mimi dada yako,
Madeleine